Wenye Kwao Kuwili

Vijana wangu, hamkuwa mmezaliwa mwaka 2002, wakati mji wetu wa Machakos ulipopata wageni wasio wa kawaida. Wajumbe wa Sudan walikuja wakakaa hapa kwa majuma kadhaa. Upande mmoja walikuwa watu wa serikali ya Khartoum, upande wa pili watu wa SPLM, chama cha wapiganaji wa kusini. Walikuwa vitani tangu 1983, na vita hivyo vilikuwa vimekwisha kula wazazi, vikaanza kula watoto. Aliyewakalisha mezani alikuwa Mkenya, Jenerali Lazaro Sumbeiywo, aliyepewa kazi hiyo na IGAD, jumuiya ya nchi za kanda yetu. Tarehe 20 Julai wakatia sahihi: Ghazi Salahuddin kwa niaba ya Khartoum, Salva Kiir kwa niaba ya kusini. Hati hiyo inajulikana dunia nzima kama Itifaki ya Machakos. Iliahidi kwamba baada ya miaka sita ya mpito, watu wa kusini wataulizwa wenyewe kama wanataka kubaki ndani ya Sudan au kujitenga. Waliulizwa Januari 2011, na karibu wote, watu 99 katika kila 100, wakachagua kujitenga. Tarehe 9 Julai mwaka huo Sudan Kusini ikawa nchi.

Nawasimulia haya kwa sababu ya wanafunzi wenzenu. Katika shule zetu wamo vijana wa Sudan Kusini. Mnawatambua upesi, na mara nyingi hamngojei hata waseme majina yao kabla ya kuwauliza, "Kwenu ni wapi?" Anayeulizwa amekaa kwenye dawati katika mji ambamo nchi ya wazazi wake iliahidiwa kuzaliwa. Huenda yeye mwenyewe amezaliwa Kenya. Huenda anasema Kiswahili kukushinda wewe. Bado swali linamfuata, darasani, kwenye matatu, dukani, na linamtaka jibu la neno moja.

Watu hawa walifikaje hapa? Njia ni nyingi. Kambi ya Kakuma, kule Turkana, ilifunguliwa mwaka 1992 baada ya maelfu ya wavulana kufika kwa miguu. Vita viliwatoa kwao wakakimbilia Ethiopia, na serikali ya Ethiopia ilipoanguka mwaka 1991 wakafukuzwa huko nako. Wavulana wale leo ni baba wa watoto wa shule ya upili. Wengine walitoka kambini wakapanga nyumba mijini. Wengine hawakupita kambini kabisa: baba yuko Juba kazini, mama amepanga vyumba viwili Kenya ili watoto wasome, na karo inatumwa kwa simu pale mshahara wa Juba unapolipwa. Usipolipwa, mtoto hubaki nyumbani kama nyinyi mnavyobaki.

Acheni niwaonyeshe msichana mmoja wa kidato cha pili. Sitampa jina, maana nimemkusanya kutoka kwa wengi. Asubuhi mama yake anamwamsha kwa Kidinka, lugha ya kwao, naye anajibu kwa Kiswahili, bila hata mmoja wao kuona ajabu. Mdogo wake anajibu kwa Sheng'. Sokoni anamsalimu muuza nyanya kwa Kikamba, maneno matatu tu, lakini yanatosha kumpatia nyongeza. Darasani ni Kiingereza. Usiku simu inalia, bibi yake yuko upande wa pili, na hapo ndipo anapokwama. Bibi anacheka jambo, na yeye anacheka pia ingawa hakulielewa, kisha anampa mama simu haraka.

Siku ya kutembelewa shuleni, mama anakuja na bakuli. Ndani mna kisra, mkate mwembamba wa mtama uliokunjwa kama kitambaa, na mchuzi wa bamia iliyokaushwa ikasagwa, mchuzi unaovutika kijiko kikiinuliwa. Wazazi wenu wameleta chapati, kuku, muthokoi. Kidato cha kwanza msichana huyu alimvuta mama yake hadi nyuma ya madarasa wakala huko, ili asiulizwe. Kidato cha pili mwenzake wa dawati aliwafuata huko nyuma, akakaa chini kwenye majani, akachovya. Mama akamwongezea, wala hawakumuuliza kama amependa, kwa sababu mkono ulikuwa umerudi bakulini tayari.

Ikifika Desemba, familia ikiwa na nauli, wanapanda basi la kupitia Uganda hadi Nimule, kisha Juba. Msichana amehesabu siku. Huko, anadhani, hataulizwa tena. Lakini binamu zake wanamsikiliza akisema Kidinka na wanaangua kicheko, kwa sababu anakitamka kama Mkenya. Shangazi anataka kujua kama anaweza kusonga asida, ugali wa kwao, na kupokea wageni kwa adabu. Wavulana wa mtaani wanamwita Mkenya. Yule aliyeitwa Msudani Machakos mwezi Novemba anaitwa Mkenya Juba mwezi Desemba, na miguu ni ile ile, nywele ni zile zile. Nimewasikia vijana kadhaa wakieleza uchungu huu, na nawaambia ni uchungu wa kweli. Si utundu wa ujana wala si kudeka.

Kwa wavulana kuna jambo lake. Kwa Wadinka wafugaji, kijana akikua hupewa dume la ng'ombe, na jina linalotokana na rangi ya dume hilo huwa lake pia. Hulitungia nyimbo, hujisifu nalo. Sasa mfikirieni mvulana aliyekulia ghorofa ya tatu katika nyumba ya kupanga. Baba anampigia simu: dume lako liko kwa ami yako, karibu na Bor, ni jeupe lenye madoa meusi. Picha inatumwa, si nzuri sana, vumbi limejaa. Mvulana anaiweka kwenye uso wa simu yake, na wenzake bwenini wanamuuliza kwa nini ameweka ng'ombe badala ya mchezaji wa mpira. Anajaribu kueleza, anaishia kusema, "Ni wangu." Sijui maelezo bora kuliko hayo.

Halafu kuna paji la uso. Babu wa mvulana huyo ana alama za kukatwa kwa kisu, zilizomtoa utotoni siku moja mbele ya watu wote. Wanuer, jirani za Wadinka, huchanja mistari sita kutoka upande hadi upande, na Wadinka wana michoro yao. Siku hizi familia nyingi zimeacha, na wazee wengine wenyewe wanashukuru. Mvulana huyu paji lake ni laini. Hakuna siku aliyoambiwa, "Tangu leo wewe ni mtu mzima." Inambidi ajue mwenyewe alivuka lini, na hakuna anayemsaidia kujua. Nanyi wa Ukambani mnajua kidogo habari hii, kwa sababu jando la kijiji limekuwa zahanati na likizo ya mwezi mmoja, na wajomba waliokuwa wakifundisha wako kazini Nairobi.

Umri wenu, kati ya miaka 13 na 19, ni umri wa kila mtu kujiuliza yeye ni nani. Mtoto wa wahamiaji huulizwa swali hilo na watu wengine kabla hajapata nafasi ya kujiuliza mwenyewe. Huo ndio mzigo wake wa ziada. Mama anahofia Kenya itamla mtoto, kwa hiyo anambana: ongea lugha yetu, vaa hivi, usizoee sana. Shule nayo inambana upande wa pili: hapa ni Kenya, fuata wenzako. Wote wanampenda, na wote wanamtaka achague. Nami nasema hana sababu ya kuchagua. Mtu si ploti ya kugawanywa kwa ukuta katikati, huku nusu ya huyu, kule nusu ya yule. Msichana wetu ni Mdinka mzima anapomsikiliza bibi yake kwenye simu, hata pale asipoelewa, na ni mtu wa Machakos mzima anapobishana bei ya nyanya.

Kuna jambo jingine ambalo watu wazima hawalioni vizuri. Desemba 2013 Sudan Kusini iliingia tena vitani, safari hii wao kwa wao, na uhasama mkubwa ukawa kati ya Wadinka na Wanuer. Huku kwetu, katika bweni moja, mtoto wa Kidinka na mtoto wa Kinuer walikuwa wakigawana sabuni. Wakenya waliwaita wote "Wasudani" bila kutofautisha, na kutotofautisha huko, ambako kwa kawaida huudhi, mara hii kuliwapa kivuli. Walikuwa wakiongea Kiswahili, lugha isiyokuwa ya baba wa yeyote kati yao, ambayo hakuna mtu aliyewahi kuitumia kuwatukana ndugu zao. Nyumbani huenda wazazi hawasalimiani. Bwenini watoto wanakopeshana madaftari. Ikiwa amani ya Sudan Kusini itajengwa na watu waliokwisha kuizoea, baadhi yao watatoka katika mabweni kama haya.

Ili mwone kwamba hata sisi tuna kwetu kuwili, sasa twende Wamunyu, kwenye barabara ya kwenda Kitui.

Mkitaka kumwonyesha mgeni kitu cha Kikamba, mnamwonyesha nini? Vinyago, bila shaka. Twiga, simba, vijiko vya mbao, wazee waliokaa, vimepigwa msasa hadi vinang'aa. Wamunyu ndiyo shina la kazi hiyo. Kuna familia ambazo babu, baba na mjukuu wote wameshika tezo, na mtoto wa miaka kumi huanza kwa kupiga msasa kazi za wengine kabla ya kuruhusiwa kukata mwenyewe. Kinyago cha Mkamba kimefika kila uwanja wa ndege wa dunia. Hakuna anayeuliza kama ni cha kwetu.

Lakini kilianzaje? Wazee wanamtaja Mutisya wa Munge, mtu wa Wamunyu. Wakamba walikuwa wachongaji tangu zamani, ila walichonga vitu vya matumizi: vigoda, vijiko, mizinga ya nyuki. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja, Waingereza waliwachukua maelfu ya vijana wa Ukambani na kuwapeleka Tanganyika kupigana na kubeba mizigo. Mutisya alikuwa mmoja wao. Huko aliwaona wachongaji wa sanamu, ambao wengine husema walikuwa Wazaramo na wengine husema Wamakonde, akajifunza kwao. Vita viliisha mwaka 1918, akarudi nyumbani na ujuzi huo mikononi, akaanza kuchonga na kuuza, akawafundisha wa nyumbani kwake, nao wakawafundisha majirani. Hakuna aliyemwambia Mutisya kwamba Ukamba wake umepungua kwa kuwa mkono wake umejifunza Tanganyika. Miaka mia moja baadaye, kile alichokileta kutoka ugenini ndicho tunachojitambulisha nacho.

Na wachongaji hawakukaa Wamunyu tu. Walifuata watalii hadi Mombasa, wakajenga karakana Changamwe, na mwaka 1963 wakaanzisha ushirika wao huko. Watoto waliozaliwa Changamwe walikua wakisikia Kikamba cha wazazi na Kiswahili cha Mombasa kwa pamoja. Kabla yao, tangu karne ya kumi na tisa, njaa na biashara zilikuwa zimewapeleka Wakamba hadi Rabai, na kuna vizazi vya Wakamba waliozaliwa kule kati ya Wamijikenda. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilihamisha familia za kutoka Machakos hadi Shimba Hills, Kwale, kwa sababu ardhi ya huku ilikuwa imechoka na watu wamebanana. Wajukuu wao wanamjua Mdigo kama jirani wa ukuta kwa ukuta, na wakija Machakos kwa mazishi, ninyi mnawacheka kwa lafudhi. Ndiyo, ninyi. Mnawafanyia yale yale ambayo binamu wa Juba wanamfanyia mwenzenu wa dawati.

Kijana mmoja wa zamani hunijia akilini kila nikizungumzia haya. Makhan Singh alizaliwa Punjab mwaka 1913, akaletwa Kenya mwaka 1927, ujana unaanza. Baba yake alikuwa hapa tayari. Akasoma Nairobi, akafanya kazi katika kiwanda cha uchapaji cha baba yake, na mwaka 1935 akawa kiongozi wa chama cha wafanyakazi ambacho kilifungua milango kwa watu wa rangi zote, wakati serikali ilitaka kila rangi ikae peke yake. Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni jijini Nairobi, alisimama akadai uhuru kamili, hadharani, wakati wengi walikuwa wakidai viti vichache zaidi katika baraza. Mwezi uliofuata alikamatwa, akakaa kizuizini hadi 1961. Hakuacha kilemba chake ili awe Mkenya.

Nao wanamichezo mnawajua? Rose Nathike Lokonyen alikimbia Sudan na familia yake akiwa mtoto, mwaka 2002, mwaka ule ule wa Itifaki. Alikulia Kakuma. Mwaka 2016 alikuwa mmoja wa wanariadha kumi wa timu ya kwanza ya wakimbizi katika Olimpiki, kule Rio, na ndiye aliyeibeba bendera mbele ya timu. Watano kati ya kumi hao walikuwa wa Sudan Kusini waliotoka Kakuma, na walifanya mazoezi Ngong chini ya mkimbiaji wetu Tegla Loroupe. Bendera aliyoibeba Rose haikuwa ya Kenya wala ya Sudan Kusini, ilikuwa ya Olimpiki. Lopez Lomong, aliyekaa Kakuma miaka kumi kabla ya kupelekwa Marekani, aliibeba bendera ya Marekani huko Beijing mwaka 2008, mwaka mmoja tu baada ya kupewa uraia. Awer Mabil alizaliwa Kakuma kabisa, mwaka 1995, wazazi wake wakiwa wa Sudan Kusini, akahamia Australia akiwa na miaka kumi. Juni 2022 alipiga mkwaju wa penalti dhidi ya Peru uliosaidia kuipeleka Australia Kombe la Dunia, kisha akasema ilikuwa njia yake ya kuishukuru nchi iliyoipokea familia yake. Mabil huyo huyo alikuwa na desturi ya kurudi Kakuma na viatu vya mpira kwa watoto wa huko. Kuipenda nchi moja hakukumzuia kuikumbuka nyingine.

Nimesema moyo unaweza kubeba kwao kuwili. Karatasi ni habari nyingine, na hapa nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu hili si jambo la hisia.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 14, inasema mtu ni raia kwa kuzaliwa ikiwa mama yake au baba yake ni raia wa Kenya. Kuzaliwa katika hospitali ya Machakos hakutoshi. Kifungu cha 15 kinamruhusu mtu aliyeishi hapa kihalali kwa miaka saba mfululizo kuomba uraia, lakini masharti ni mazito, na kwa familia ya wakimbizi njia hiyo ni nyembamba mno. Jueni ilivyowapata Wamakonde. Walikuja Kwale kutoka Msumbiji katika miaka ya 1930 na baadaye, kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa. Wakazaa, wakajukuu, wakazika. Watoto wao walikua wakisema Kiswahili cha pwani, wakasoma shule za Kenya, na walipofikisha miaka 18 wakanyimwa kitambulisho. Bila kitambulisho huna laini ya simu kwa jina lako, huna akaunti ya benki, hupigi kura, na polisi akikusimamisha huna cha kumwonyesha. Oktoba 2016 mamia ya Wamakonde waliondoka Kwale kwa maandamano kuelekea Nairobi, wakafika hadi Ikulu, na Rais Uhuru Kenyatta akaagiza wapewe uraia. Wakahesabiwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Huenda ni wajukuu wa watu wale wale waliomfundisha Mutisya kuchonga.

Msichana wetu wa kidato cha pili atatimiza miaka 18 baada ya muda si mrefu. Mwenzake wa dawati, yule aliyechovya kisra, atakwenda kwa chifu na cheti cha kuzaliwa na nakala ya kitambulisho cha mzazi, na baada ya kungoja atapata chake. Yeye, hata kama alizaliwa hospitali hiyo hiyo juma hilo hilo, atapewa kadi ya mkimbizi au ya mgeni na kuambiwa aeleze anapokwenda na kwa nini. Mimi naona hilo ni kosa, na nataka mlione kuwa kosa mkingali vijana, kabla hamjazoea kuliona. Wamakonde walingoja karibu miaka 80. Simtakii huyu msichana hata miaka minane.